Shimo la Kisigino

Nyumba ya Byamungu haina milango. Wa mbele upo, maana hapa ni Woolwich na si kila mwizi amefungwa, lakini ukishaingia ndani hutaona mwingine. Bawaba zimebaki kwenye miimo, zimepakwa rangi juu kwa juu, na bafuni kuna pazia lenye maua ambalo kila mgeni hulitazama mara mbili. Kwa miaka ishirini na ushee watu walimtania kwamba alihamia Ulaya akasahau kuhama kijijini, naye alicheka kama mtu anayelipa nauli, kidogo na kwa haraka. Juma lililopita nilipanda treni kutoka Ilford, nikabadilisha Whitechapel, nikaenda kukaa matanga yake. Mwili ulikuwa bado kwa kampuni ya maziko, kesho yake ndiyo azikwe, na jikoni kulijaa kina mama wa kanisani kwake wakisonga ugali na kubishana kuhusu chumvi. Binti yake Neema alinifuata kwenye sinki na karatasi mkononi. Alizaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote lakini hukijibu kwa kukichanganya na Kiingereza, nami nimeshazoea. Alikuwa akitayarisha wasifu wa marehemu wa kugawa kanisani. "Auntie, wewe ulimjua mwanzo," alisema. "Kabla sijapeleka kuchapisha, niambie kitu kimoja tu. Why did he take my door? Kwa nini nimekua bila mlango?" Nilimwambia asubiri kina mama waondoke. Nilihitaji muda, kwa sababu swali hilo nililiogopa tangu hajazaliwa, na marehemu alikuwa ameniachia sharti lake: akiuliza, mwambie, asipouliza, nyamaza.

Mimi na Byamungu tulikutana katika nyumba ya Mama Furaha, hapo hapo Woolwich, juu ya duka la vitambaa. Mama Furaha alikuwa mkimbizi wa zamani kutoka Bukavu, amekwisha kupata makaratasi, akifanya usafi maofisini alfajiri na kupangisha vyumba viwili. Kimoja nilikaa mimi, mwanafunzi wa akiolojia kutoka Tanga, nina miaka ishirini na sita na kiburi cha kutosha watu wanne. Cha pili alikaa Byamungu, ana miaka ishirini na miwili, ombi lake la hifadhi limekataliwa mara ya kwanza na anasubiri rufaa. Sombe la Mama Furaha, yaani kisamvu cha kwao, lilikuwa linaiva kwa saa tatu, na muda wote huo ugomvi wa nyumba ile ulikuwa mmoja. "Byamungu, funga mulango, baridi itatuua," mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Mama, mi nafunga sasa hivi," kijana alijibu, na hakufunga. Alikula amekaa kiti cha mwisho, uso ukielekea mlango, sahani magotini. Mtu akiupitia nao ukajibamiza kwa upepo, alisimama na tonge mdomoni. Mimi niliona ni ushamba. Nikiikumbuka akili yangu ya mwaka ule natamani kuipiga kofi.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kufanya kazi ya mshahara na alikuwa anaoza kwa kukaa, nilimpeleka kujitolea kwenye uchimbaji wetu. Lilikuwa jumba la shamba la Kirumi, mabasi mawili kutoka Woolwich, kwenye ubavu wa bonde ambako London inaanza kuchoka. Mwenye kiwanja alitaka kujenga nyumba za kuuza, na sheria ikamlazimu kwanza atuachie tuchimbe. Kiongozi wetu aliitwa Graham, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu, aliyelipenda jumba lile kama kwamba amezaliwa ndani yake. Sikatai, lilikuwa na uzuri wake. Kulikuwa na vyumba vya kuogea, vya moto na vya baridi, na sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali ili joto la tanuri lipite chini yake na wenye nyumba wasisikie kipupwe miguuni. Kulikuwa na sebule ya chakula iliyotandikwa vijiwe vya rangi, na katikati yake picha ya chui aliyempanda swala mgongoni, meno yameingia shingoni, damu imechorwa kwa vipande vya vigae vyekundu vinavyotiririka hadi kwenye ukingo. Wageni wa bwana yule walilala kwenye viti vyao virefu, wakala chaza na vitoto vya nguruwe, wakanywa mvinyo uliosafirishwa kutoka mbali, wakiitazama damu ile. Nilijua walichokula kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakiosha, mifupa na makombe, kwa mswaki na beseni, siku nzima. Graham alisimulia mambo hayo wakati wa chai huku akifumba macho. Siku moja Byamungu aliniuliza kwa sauti ndogo nani alikuwa anachanja kuni za hilo tanuri. Nikamwuliza Graham. Alisema watumwa, bila shaka, au wakulima waliofungwa na ardhi, kisha akarudi kwa chui wake.

Wachanja kuni tuliwakuta Juni. Mwisho wa ua, mbali na sebule, palikuwa na ghala la mawe lenye mlango mmoja na dirisha moja, na ndani yake tabaka la majivu lenye unene wa kiganja. Walikuwa sita. Watano walilundikana kwenye ukuta wa nyuma, mbali kabisa na mlango, mmoja juu ya mwingine, pale palipokuwa na tundu dogo la kutolea maji. Fuvu la wa chini lilikuwa limebanwa kwenye tundu lile, taya wazi, na huyo alikuwa mtoto. Wa sita tulimkuta nje, chini ya dirisha, miguu imeungua na kisogo kimepasuliwa na chuma, pigo moja safi. Kwa maneno mengine alifanikiwa kutoka, akasubiriwa. Nimeona maiti wengi baadaye, maana nimefanya kazi hospitali miaka mingi, lakini sijawahi tena kushika mkononi ushahidi wa mtu kusubiriwa. Jioni ile nilikataa kula, na Mama Furaha akadhani nina mimba.

Graham alisema ni ajali. Nafaka ilikuwa inakaushwa, cheche ikaruka, paa likaporomoka. Wa dirishani aliangukiwa na kitu chenye ncha. Mbele ya mlango, upande wa ua, palilala gogo refu lililokuwa mkaa mtupu, naye akaliita boriti ya paa. Nadhani hakuwa mjinga, ila hakutaka damu ya ile picha itoke sakafuni ikawa damu ya watu. Tulikuwa tumesimama pale, mimi, yeye, Byamungu na mchimbaji mmoja mtu mzima aliyeitwa Kevin, mcheshi wa kambi. Byamungu alilitazama lile gogo kwa muda mrefu, kisha akanivuta mkono wa koti.

"Hii muti haikuanguka, dada. Batu baliisimamisha."

Nikatafsiri kwamba mti haukuanguka, watu ndio waliousimamisha. Graham akatabasamu, akauliza kwa adabu anajuaje. Byamungu alikwenda kwenye kizingiti cha jiwe, akakipa mgongo, akapiga hatua mbili kubwa kwenda uani. Hakutazama ncha ya gogo wala hakupima. Alisimama, akaweka kisigino cha kulia juu ya udongo ambao hatukuwa tumeugusa bado, akakisokota kushoto na kulia, kama mtu anayezima kipande cha sigara. "Mwambie achimbe hapa," alisema. "Atakuta shimo. Si kubwa. Sawa na kisigino."

Kevin alicheka. Graham alipiga magoti akachukua mwiko. Alikwangua majivu, akakwangua udongo wa njano uliokuwa chini yake, na polepole, kwa kukwangua nyembamba nyembamba, duara jeusi likajitokeza. Lilikuwa na upana wa kisigino, limeinama kuelekea mlango, na ndani yake ilikuwamo ncha ya gogo, imesimama palepale ilipokitwa. Mtu alikuwa ameuegemeza mti ule kwenye mlango na kuchimbia mguu wake ardhini, ili waliokuwa ndani wakisukuma, usiteleze. Graham alimkumbatia Byamungu. Alilia, maskini. Wakapiga picha ya shimo pamoja na fimbo ya vipimo, wakampiga na yeye kando yake, na watu wa ofisini wakaja na keki. Wote walikuwa wanashangilia ujuzi wa mtu wa kijijini, macho ya asiyesoma, na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Mimi keki yangu niliirudisha mezani bila kuionja. Maana nilikuwa nimeisoma taarifa yake ya rufaa. Mwanasheria wake aliniomba niwe shahidi wa tabia yake, na nilikuwa nimekwisha kukubali. Katika taarifa ile Byamungu alisema siku nyumba ya baba yake mdogo ilipochomwa na watu wenye silaha, yeye alikuwa mlimani shambani, akaona moshi. Aliyekuwa mlimani huona moshi. Aliyekuwa ndani hujua tu kwamba mlango haufunguki. Anayejua kisigino ni nani?

Nilikaa siku nne na swali hilo bila kulitoa, na huenda ningekaa nalo mwaka, kama si Kevin. Tulihifadhi zana katika kontena la chuma kando ya ua. Saa sita mchana niliingia kuchukua beseni, na Kevin, kwa kutafuta kuchekesha watu, akausukuma mlango kwa nyuma na kuukinga kwa sepetu. Nikasikia anaita kwa sauti ya mnadani: "Mtaalamu wa milango yuko wapi? Aje amwokoe dada yake." Kulikuwa na giza na harufu ya dizeli. Nilipiga ukuta mara mbili, nusu nacheka, nusu nakasirika. Kisha nikasikia mlio ambao sikujua umetoka kwa mnyama gani, na chuma kikaanza kulia juu ya kichwa changu. Byamungu alikuwa anaupiga mlango kwa sululu. Hakuondoa sepetu, ingawa ilitosha kuipiga teke. Aliuchana mlango. Ncha ya sululu iliingia mara nne, shibri moja kutoka usoni mwangu, na mara ya tano bawaba zikaachia. Sikupata nafasi ya kushukuru. Alikwisha kumgeukia Kevin, akamwangusha, akamkalia kifuani, na kumpiga usoni kwa ngumi zote mbili bila kuongea, kwa utulivu, kama mtu anayetwanga mihogo. Meno mawili niliyaona kwenye nyasi. Graham na wengine watatu hawakumweza. Nilimwita, "Byamungu, mimi nimetoka. Kaka, nitazame, nimetoka." Akanitazama. Mikono ikashuka. Akatapika kando ya Kevin, akaanza kumfuta damu kwa shati lake mwenyewe huku akimwomba radhi kwa Kiswahili, lugha ambayo mwenziwe hakujua hata neno moja.

Kevin hakuita polisi. Alisema amejitakia, na mpaka leo namheshimu kwa hilo tu. Nilimpeleka Byamungu nyumbani kwa mabasi yetu mawili, watu wakihama viti kwa sababu ya damu. Mama Furaha alikuwa kazini. Nilichemsha maji, nikamwosha vifundo vya vidole kwenye beseni la kuoshea mchele, na jua la mchana likiwa bado limelala mezani nikamwuliza. "Ulijuaje kuhusu shimo?"

Aliirudisha mikono yake majini. "Mi nilikuwa ku inje, dada," alisema.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Walikuja alasiri, wenye silaha walewale waliokuwa wakipita kuchukua mbuzi, safari hii walitaka mtu aliyekimbia jeshi lao. Hawakumpata. Wakaingiza jamaa yote ndani, baba yake mdogo, mke wake, bibi mzaa baba, watoto watatu. Byamungu walimkuta anatoka kisimani. Wakampa nguzo iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya jiko jipya. "Baliniambia nichague, mu ndani ao ku inje." Akachagua nje. Akaiegemeza nguzo kwenye mlango, ikateleza. Mmoja akakoki bunduki. Ndipo akachimba kwa kisigino. "Niliogopa ikiteleza tena, banitie mu ndani. Nikachimba muzuri. Nikajaribu na mikono, nikaona haiendi tena." Walipowasha moto, walio ndani walisukuma, na nguzo haikusogea. Wote walikuwa wakipiga kelele ila mmoja, binamu yake, msichana wa rika lake aliyeketi naye dawati moja shuleni. Huyo alikuja mpaka kwenye ufa wa mlango akamwita jina, taratibu, kwa sababu alikuwa ameiona miguu yake na alidhani amekuja kufungua. Alimwita mpaka mwisho. Byamungu alinieleza hayo akiitazama mikono yake ndani ya beseni. "Ningefanya kazi mubaya, pengine mulango ungefunguka," alisema. "Nilifanya muzuri. Hiyo njo inaniua."

Nitasema ukweli wa moyo wangu: nilimchukia. Kwa muda kama wa kuchemsha chai nilitaka atoke kwenye nyumba ile, na beseni lile sikulitumia tena. Kisha nikafikiria bunduki iliyokokiwa, na miaka kumi na sita, na kwamba mimi katika umri ule nilikuwa nalia nikinyimwa viatu. Ni rahisi kuwa shujaa wa mlango wa mtu mwingine. Akanitajia majina yao sita, akaniomba niyarudie, nikayarudia, akanisahihisha, nikarudia tena. Mwanasheria alikuwa amekwisha kuniambia, bila kujua ananiambia nini, kwamba mtu akionekana kuwa na mkono katika mauaji hapati hifadhi, na wakimrudisha atawakuta walewale wakimsubiri. Nilikuwa nimemwosha aliyesubiriwa dirishani. Kisogo chake nilikijua kwa vidole.

Rufaa ilisikilizwa Septemba, katika chumba kidogo chenye zulia la kijivu na jagi la maji. Mkalimani alikuwa mtu wa Mombasa, na Byamungu alipokuwa akisema "mulango" yeye alinyanyua nyusi. Wakili wa serikali alikuwa mwanamke mwenye mafua, hakuwa mkali, ila hakuacha kitu kipite. Alimwuliza Byamungu: kama ulikuwa mlimani, umejuaje mlango ulikingwa kwa nguzo, kama ulivyotueleza sasa hivi? Byamungu akasema aliiona baadaye, na shimo lake. Mwanamke yule akasema mbona shimo hilo hukulitaja katika mahojiano ya kwanza, huoni kwamba umelibuni? Nilimwona Byamungu anafungua mdomo, na nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba alikuwa anakwenda kusema yote. Mimi ndiye niliyefuata kuitwa. Nilisimama kabla hajatoa neno, nikaomba nizungumze, wakaniapisha kwa Msahafu, nikatoa bahasha yangu.

Ndani yake ilikuwamo picha ya shimo la Warumi, pamoja na fimbo ya vipimo na kisigino cha kiatu cha Byamungu pembeni. Nilimweleza hakimu jumba letu, ghala, watu sita, na mtu huyu aliyepiga hatua mbili akaonyesha mahali ambapo wataalamu wote hawakupaona. Nikasema jambo kama hilo halibuniwi, wala halipo kitabuni. Anayelijua ni mtu aliyesimama mbele ya mlango uliokingwa namna hiyo na kuona kilichofuata. Kila neno lilikuwa kweli. Hakimu, mzee mwenye miwani ya kamba, aliishika ile picha muda mrefu, akaniuliza kama nina sababu yoyote ya kuishuku taarifa ya rafiki yangu. Nikasema, "Sina." Neno hilo moja ndilo la uongo, na nililisema mkono wangu bado una joto la Msahafu. Nimeomba toba kwa ajili ya kiapo, kwa ajili ya neno sijaweza. Hakuna aliyeuliza alisimama upande gani wa mlango.

Alipewa hifadhi kabla ya Krismasi. Mama Furaha alichinja kuku wawili wa kukopa, na kwa mara ya kwanza hakugombana kuhusu baridi. Mimi sikurudi kwenye uchimbaji. Graham aliandika barua nzuri akiniomba, nami sikuweza kumweleza kwamba kila nikishika mswaki nasikia mtu anaitwa jina lake kwenye ufa. Nikaenda kufanya kazi hospitali, na pale bondeni wakajenga nyumba zao. Sakafu ya chui imehifadhiwa chini ya paa la kioo, watoto wa shule hupelekwa kuiona. Ghala limefukiwa, ni bustani ya mtu. Byamungu alijifunza kuendesha basi, akaoa, akafiwa na mkewe mapema, akaimba besi kanisani miaka yote hiyo, na kila mwaka, katika siku anayoijua yeye, alinipigia simu akaniambia, "Dada, taja." Nikataja sita, akashukuru, akakata.

Kina mama walipoondoka, Neema alikaa kwenye kiti cha baba yake, kile cha mwisho, kinachoelekea mahali pa mlango. Karatasi aliiweka mezani. Niliisoma. Ilisema baba yake alikuwa mlimani shambani wakati nyumba ya jamaa yake ilipoteketezwa, na kwamba Mungu alimnusuru. Nikaketi mbele yake, mikono ikinuka sabuni ya vyombo.

"Baba yako hakuwa mlimani," nilisema. "Alikuwa mlangoni. Upande wa nje."

Nikamweleza yote, nguzo, bunduki, kisigino, shimo la Warumi, picha, kiapo changu. Sikumpunguzia. Mara mbili aliinuka kama anayetaka kutoka, na mara mbili hakuwa na mlango wa kubamiza, akarudi kuketi. Alilia kwa hasira, akamtukana baba yake kwa Kiingereza, kisha akanitukana mimi, nami nilistahili. Mwishowe akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa mlimani kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Akaniuliza, kwa Kiswahili kitupu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Ndani walikuwa nani?"

Nikamwambia aandike. Nikamtajia baba mdogo, nikamtajia mke wake, nikamtajia bibi, kisha watoto wadogo wawili, polepole, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa. Aliandika yote matano kwa mwandiko mzuri, akangoja na kalamu juu ya karatasi.

"Na yule aliyekuwa anamwita?"

"Huyo," nikamwambia, "aliitwa Neema."